Kanisa la Rabai lilivyojengwa na wageni, watoro na wenyeji

UKITOKA Mombasa kwa barabara kuu ya kuelekea Nairobi, utafika mji mdogo wa Mazeras. Hapo hujitenga njia nyingine inayopanda vilima vya minazi hadi Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, yapata kilomita 25 kutoka kisiwani. Ni kijiji cha wakulima na wagema, na katikati yake limesimama Kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo historia yake ni ndefu kuliko ya parokia nyingine yoyote ya Kianglikana nchini Kenya.

Rabai inapotajwa, majina mawili hukumbukwa upesi. La kwanza ni la Johann Ludwig Krapf na la pili ni la mwenzake, Johannes Rebmann. Wanafunzi wengi wa Kenya wamewasoma wawili hawa katika vitabu vya historia, wakafundishwa kwamba ndio walioleta Ukristo wa Kiprotestanti katika sehemu hizi na kuwaandikia Wazungu habari za milima yenye theluji.

Hayo ni kweli, lakini hayatoshi kueleza jinsi kanisa hili lilivyopata kuwa na watu. Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853 kwa sababu ya afya mbaya. Rebmann alikaa hadi 1875, na hata alipoondoka, waumini walikuwa wachache mno. Kusanyiko lililojaza kanisa baada yao lilitokana na makundi mengine ya watu. Kulikuwa na wenyeji wa Rabai waliowapa wageni mahali pa kukaa, Waafrika waliorudi kutoka India baada ya kukombolewa utumwani, na watoro waliowakimbia mabwana zao pwani. Bila hao, jumba lile lingebaki kaburi la juhudi za watu wawili.

WAZEE WAKUBALI WAGENI

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani. Yeye na Rebmann walikuwa Walutheri waliosomea umishenari mjini Basel, Uswisi. Hata hivyo, chama cha kimishenari cha Kanisa la Uingereza, CMS, kiliajiri Wajerumani wengi wa namna hiyo kwa sababu Waingereza waliojitolea kwenda ng'ambo walikuwa haba. Hivyo ndivyo Walutheri wawili walivyoweka msingi wa Kanisa la Kianglikana katika nchi ambayo sasa ni Kenya.

Baada ya kufukuzwa Ethiopia, Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Unguja iliyowataka maliwali wa pwani wampokee. Miezi michache baadaye, Julai mwaka uo huo, mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf alibaki peke yake, akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi mmoja wa Mombasa. Inafaa kukumbuka kwamba Maandiko ya Kikristo kwa Kiswahili yalianza kwa mkono wa mwalimu Mwislamu.

Rebmann aliwasili Juni 1846. Mnamo Agosti 25 mwaka huo, wote wawili walihamia Rabai Mpya wakiwa wagonjwa wa homa. Walikuwa na punda mmoja tu, ikabidi wampande kwa zamu.

Hawakuingia katika nchi isiyo na mwenyewe. Warabai ni mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda, na walikuwa na utawala wao uliosimamiwa na wazee wa kaya, yaani mji wa kale uliozungukwa na msitu mtakatifu. Kaya ndiyo iliyokuwa kitovu cha sheria, sala, mazishi ya wakubwa na ulinzi. Wazee hao walikutana, wakayasikiliza maombi ya wageni na kuwaruhusu kujenga. Hawakuwa wamelazimishwa na mtu, kwani wakati huo hapakuwa na serikali ya Kizungu wala askari wa kuwatisha. Waliamua kama wenyeji wanavyoamua mgeni anapobisha hodi, na Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wenyeji walikuwa pia na matarajio yao. Krapf aliandika kwamba katika ibada ya kwanza walihudhuria watu wachache, na baada ya mahubiri baadhi yao wakaonyesha wazi kuwa mkutano usio na chakula si mkutano. Kwao, shauri lolote la maana huambatana na kula pamoja. Krapf aliyaona hayo kuwa tamaa ya tumbo. Msomaji wa leo anaweza kuyaona kwa namna nyingine, kwamba wazee walikuwa wakimweleza mgeni jinsi jumuiya inavyofanywa katika nchi yao. Kanisa lilihitaji muda mrefu kulielewa somo hilo.

MIAKA YA MAVUNO HABA

Kazi ya kwanza ya wamishenari hawa ilizaa vitabu kabla ya kuzaa waumini. Krapf alichapisha Injili ya Luka kwa lugha ya Kirabai huko Bombay mwaka 1848, na muhtasari wa sarufi ya Kiswahili ukatolewa Ujerumani mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rebmann naye alikusanya maneno ya Kirabai na ya Kinyanja kwa miaka mingi. Pamoja na hayo walisafiri. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro Mei 1848, naye Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani Desemba 1849. Taarifa zao za theluji karibu na ikweta zilibishwa vikali na baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliokuwa hawajawahi kukanyaga Afrika.

Kwa upande wa waumini, hali ilikuwa tofauti. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, ambaye alifariki muda mfupi baadaye. Ni jambo la kutafakari kwamba kanisa hili halikuanza na mfalme wala na tajiri, bali na mtu ambaye hangeweza kulima wala kupigana, aliyewasikiliza wageni hadi pumzi yake ya mwisho.

Baada yake walifuata wachache, miongoni mwao Abe Gunja na Isaac Nyondo. Rebmann alibaki nao Kisulutini, karibu na kituo cha kwanza, akifundisha na kuandika. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamaasai yalimlazimu kukimbilia Unguja kwa muda wa miaka miwili. Aliporudi alianza upya. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, naye mwenyewe akaanza kupofuka.

Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyetumwa Unguja kushughulikia biashara ya watumwa, alipozuru mahali hapo mwaka 1873, alimkuta mzee huyo akiwa karibu haoni, amezungukwa na kundi dogo la waumini. Miaka miwili baadaye Rebmann alirejea Ulaya baada ya kukaa Afrika miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja. Aliyemshika mkono katika safari hiyo alikuwa Isaac Nyondo. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, Oktoba 1876, naye Nyondo akarudi nyumbani kuendelea na kazi. Leo shule ya msingi iliyo jirani na kanisa ina jina la Nyondo.

WALIORUDI KUTOKA INDIA

Wakati Rebmann akihangaika na macho, kundi jingine lilikuwa limekwisha kufika. Katika karne ya 19, manowari za Uingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi ziliyakamata majahazi mengi. Baadhi ya watoto waliookolewa humo walipelekwa Bombay, kisha wakalelewa katika kituo cha misheni karibu na mji wa Nasik. Huko walifundishwa kusoma, kuandika, na kazi za mikono kama uhunzi na useremala. Wengi walikuwa wametekwa wakiwa wadogo katika nchi za bara, hata hawakuweza kuitambua njia ya kurudi kwao. Watu wa Pwani waliwaita Wabombei.

Mwaka 1864 baadhi yao walitumwa Rabai kumsaidia Rebmann. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Watu hawa walikuwa wageni maradufu. Walikuwa Waafrika, lakini hawakuwa Warabai. Walivaa na kusali kama Wazungu, lakini hawakulipwa wala kuheshimiwa kama Wazungu. Walizungumza lugha za India na Kiingereza, ikabidi wajifunze Kiswahili na Kirabai ukubwani. Hata hivyo, ndio waliofundisha shuleni, wakaongoza ibada, wakajenga nyumba na kusuluhisha ugomvi.

Mwaka 1875 CMS ilianzisha makao ya watumwa waliokombolewa huko Frere Town, upande wa bara wa Mombasa, yakaitwa kwa jina la yule Sir Bartle Frere. Rabai na Frere Town zikawa kama ndugu wawili, moja ikiwa karibu na bahari na nyingine vilimani. Mnamo Mei 31, 1885, Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Hivyo, watu wawili waliowahi kuuzwa kama bidhaa walisimama mbele ya madhabahu wakiwa watumishi rasmi wa kanisa.

Julai mwaka huo Hannington alitoka Rabai na msafara wa watu wapatao 200 kwenda Uganda kwa njia ya nchi ya Wamaasai, na Jones alikuwa naye. Walipofika kwa Sundu, mahali ambapo sasa ni Mumias, askofu alimwacha Jones na watu 150 akaendelea na 50. Mnamo Oktoba 29 aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu watu wake wote waliuawa pamoja naye. Ni wanne tu waliorudi na habari.

Jones ndiye aliyebeba mzigo wa kuwarudisha waliosalia. Mapema mwaka 1886 msafara uliingia Rabai na bendera ya buluu iliyoandikwa neno Ikabodi, jina la Biblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka. Historia humtaja Hannington kama shahidi, na ndivyo ilivyo. Lakini wapagazi waliokufa naye walikuwa wana na waume wa watu wa pwani, na hao hawakujengewa kumbukumbu kubwa. Rabai iliwalilia wote.

WATORO NA HATI ZA UHURU

Jambo lililoitia Rabai katika mtihani mkubwa zaidi lilikuwa la watoro. Katika miaka hiyo mashamba ya pwani yalilimwa na watumwa. Waliochoshwa na mateso walitoroka na kujificha msituni, au walikimbilia vituo vya misheni wakiamini kwamba waliowakomboa watumwa baharini hawatawakataa watumwa wa nchi kavu.

Imani hiyo iliwaweka wakuu wa misheni katika hali ngumu. Mkataba ambao Sultani Barghash alitia saini mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza katika masoko, lakini haukufuta utumwa wenyewe. Kwa sheria ya wakati huo, mtoro alikuwa bado mali ya bwana wake. Wakuu wa misheni waliagizwa wasiwapokee, na mara kadhaa wenye watumwa walitisha kuvamia vituo na kuviteketeza.

Vitisho hivyo havikuwa maneno matupu. Huko Fuladoyo, Mkristo Mgiriama aliyeitwa David Koi aliongoza kijiji cha waumini na watoro. Mwaka 1883 alikamatwa na kuuawa. Watu wa Rabai waliijua habari hiyo, na bado watoro waliendelea kuingia kijijini usiku, wakajenga vibanda, wakalima na kuhudhuria ibada. Kituo kikiwa chini ya Jones, kundi hilo lilizidi kukua. Mtu aliyewahi kutekwa hangekuwa mwepesi wa kumkabidhi mwenzake kwa waliomtafuta.

Mambo yalifikia kilele mwaka 1888. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imepata idhini ya kutawala sehemu hizi, na mkuu wake, George Mackenzie, alipofika Mombasa Oktoba mwaka huo, alikuta wenye watumwa wamekasirika na wako tayari kupigana. Ukaguzi ulipofanywa, iligunduliwa kwamba mamia ya watu waliokuwa wakiishi Rabai kama raia wa kawaida walikuwa watoro.

Mackenzie aliamua kuwalipa fidia mabwana hao badala ya kuwarudisha watu utumwani. Fedha zilitoka kwa kampuni, serikali ya Uingereza na marafiki wa misheni. Zaidi ya watu 1,400 waliokuwa katika vituo mbalimbali walikombolewa kwa njia hiyo, na wengi wao walikuwa wa Rabai. Mnamo Januari 1, 1889, hati za uhuru zilitolewa hapo Rabai mbele ya umati.

Hesabu za wanasiasa zilikuwa nyuma ya ukarimu huo, kwa maana kampuni haikutaka vita mwanzoni mwa biashara yake. Isitoshe, waliolipwa walikuwa wenye watumwa, si watumwa waliofanyishwa kazi bila ujira. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Hata hivyo, kwa mtu aliyeipokea karatasi yake siku ile ya Mwaka Mpya, dunia ilikuwa imebadilika. Angeweza kuoa, kulima na kulea watoto bila hofu ya kunyang'anywa.

Katika miaka hiyo ya 1880 ndipo lilipojengwa Kanisa la Mtakatifu Paulo. Jengo la zamani la misheni lilikuwa halitoshi tena. Kuta za kanisa jipya ni ushahidi wa jambo moja lililo wazi: lisingehitajika jumba kubwa kama milango ingefungiwa watoro.

KANISA NA KAYA

Ukristo haukuifuta kaya. Karibu na makao ya kwanza ya wamishenari iko misitu ya kaya za Warabai, miongoni mwake Mudzi Muvya, maana yake mji mpya, na Mudzi Mwiru. Mwaka 2008 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, Unesco, liliiorodhesha misitu mitakatifu ya Mijikenda, pamoja na ya Rabai, kuwa sehemu ya urithi wa dunia.

Kwa muda mrefu wamishenari waliziona mila za kaya kuwa giza la kuondolewa. Waumini wa kwanza walitakiwa kujitenga na ngoma, matambiko na ulevi. Katika nchi ambayo mnazi ni mti wa uhai, ambao hutoa chakula, makuti, mafuta, pesa na tembo la kumpokelea mkwe, mafundisho hayo hayakuwa mepesi. Familia nyingi zilijikuta na mzee wa kaya na mwalimu wa kanisa chini ya paa moja.

Kuishi pamoja kwa vizazi kumeleta adabu fulani ya ujirani. Mkristo huweza kuuheshimu msitu wa mababu kama urithi bila kushiriki matambiko yake, naye mzee wa kaya hukaa katika mazishi ya kanisa bila kuona haya. Tena Waislamu ni wengi katika eneo hili, na koo nyingi zina watu wa dini zote mbili. Kifo kinapotokea hakuna anayeuliza dini kabla ya kubeba kuni na maji kwenda matangani.

MAISHA YA PAROKIA

Ili kuelewa jinsi kanisa la kijiji linavyoendelea kuishi, ni vyema kujua mpangilio wake. Katika Kanisa la Kianglikana la Kenya (ACK), parokia ni zaidi ya jengo moja. Ni mkusanyiko wa makanisa kadhaa yaliyotawanyika vijijini, yote yakiwa chini ya kasisi mmoja aliyewekwa na askofu. Kwa kuwa kasisi hawezi kuwa kila mahali, ibada nyingi za Jumapili huongozwa na wasomaji, yaani waumini wa kawaida waliofunzwa na kupewa kibali. Kasisi hufika kwa zamu kutoa Ushirika Mtakatifu.

Mali na mipango ya parokia husimamiwa na baraza linalochaguliwa na waumini. Hapo ndipo hujadiliwa mabati yaliyotoboka, karo ya mwana wa mjane, mshahara wa kasisi na mchango unaopaswa kupelekwa dayosisi. Kwa parokia ya mashambani, ambako mapato ya wengi hutegemea mvua na bei ya nazi, mikutano hiyo huwa na mjadala mkali kuliko mahubiri yenyewe.

Nguvu kubwa ya parokia, hata hivyo, imo katika vyama vyake. Cha akina mama, Mothers' Union, kilianzishwa na Mary Sumner nchini Uingereza mwaka 1876, kikaenea hadi makanisa ya Afrika. Katika vijiji vya Kenya wanachama wake ndio wanaowatembelea wagonjwa, kupokezana kumtunza aliyejifungua, kuwashauri wanaokaribia kuolewa na kupika kwenye matanga. Wanaume nao wana chama chao, KAMA, na vijana wana KAYO. Kwaya ni shule nyingine, na wengi waliojifunza kusimama mbele ya watu walianzia humo.

Mwaka wa kanisa nao hufuata nyakati zake: Majilio, Krismasi, Kwaresima, Pasaka na Pentekoste. Lakini kwa wakulima, siku ya kukumbukwa sana ni sikukuu ya mavuno. Mahindi, mihogo, nazi, mayai na kuku huletwa mbele ya madhabahu, kisha hunadiwa nje ya kanisa kwa kelele na vicheko. Kuku mmoja anaweza kununuliwa na kutolewa tena mara kadhaa kabla hajapata bwana wa mwisho. Baada ya hapo watu hula pamoja. Lile somo la wazee wa Rabai, kwamba mkutano wa maana una chakula, lilikuja kukubaliwa bila mtu kulitangaza.

Mabadiliko mengine yalichelewa. Kwa zaidi ya karne moja wanawake walifagia kanisa, wakaimba na kuchanga, lakini hawakuruhusiwa kuhudumu madhabahuni. Kasisi wa kwanza mwanamke katika Kanisa la Kianglikana nchini, Lucia Okuthe, alipewa daraja hilo mwaka 1983 na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini. Mwaka 2021 Emily Onyango akawa askofu msaidizi wa Bondo, na baadaye mwaka huo Rose Okeno akawekwa wakfu kuwa askofu wa Butere.

NANI ATAKUMBUKWA?

Mwaka 1994, miaka 150 baada ya Krapf kufika Mombasa, makumbusho yalifunguliwa Rabai katika jengo la zamani la misheni, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Nyumba za Krapf na Rebmann zimehifadhiwa pia. Wanafunzi na watalii hufika kuona mahali ulipoanzia Ukristo wa Kiprotestanti nchini.

Hifadhi hiyo ni ya thamani, lakini ina hatari yake. Kuta za mawe hudumu kuliko vibanda vya udongo. Aliyejua kuandika huacha shajara na barua, na mtoro ambaye hakujua kuandika huacha jina moja tu katika orodha, mara nyingi jina alilopewa siku ya ubatizo. George, William, Ishmael, Isaac na David ni majina ya kigeni yaliyofunika majina ambayo mama zao waliwaita. Kwa sababu hiyo ni rahisi kusimulia historia ya Rabai kana kwamba Waafrika walikuwa hadhira tu.

Jamii za wazao wa waliokombolewa zimejaribu kuziba pengo hilo. James Juma Mbotela, aliyekuwa mzao wa watumwa waliokombolewa, aliandika habari za watu wake katika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934, nacho kimesomwa na vizazi vingi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Lakini kitabu kimoja hakiwezi kubeba kumbukumbu zote. Wapo wazee ambao hadi uzeeni hawakupenda kutamka kwamba babu yao aliwahi kuwa mtumwa, kwa kuwa neno hilo lilitumiwa kuwatusi na kuwanyima nafasi katika mashauri ya ardhi na ndoa. Wanapofariki, habari hizo hufa nao.

Hapa ndipo parokia ya kijiji ina wajibu ambao hakuna taasisi nyingine inayoweza kuutimiza kwa urahisi. Kila kanisa la Kianglikana huweka madaftari ya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Kwa macho ya haraka ni karatasi kuukuu zinazoliwa na mchwa. Kwa familia ambayo babu yake alifika bila ukoo, bila shamba na bila kabila la kumtetea, mstari mmoja wa wino unaosema alibatizwa siku fulani, akamwoa fulani, akazaa fulani, huenda ndio mwanzo pekee wa ukoo wake unaoweza kuonyeshwa.

Kuyahifadhi madaftari hayo hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kabati lisilopenya maji, nakala za picha na kijana mmoja aliye tayari kuketi na wazee kuwauliza majina ya watu waliomo. Mnara wa kengele ukianguka unaweza kujengwa tena kwa harambee, lakini jina la mtoro likipotea halina harambee ya kulirudisha.